Anayeosha Vifaa vya Damu Analindwa na Nani?

Mgeni anayetembelea zahanati ya kijiji huonyeshwa mambo mengi. Huonyeshwa chumba cha kujifungulia na kitanda chake, jokofu la chanjo, dirisha la dawa na daftari la wagonjwa wa nje. Ni nadra sana kuonyeshwa karo la nyuma, lile ambalo mikasi, koleo na mabeseni hupelekwa baada ya mama kujifungua au baada ya jeraha kushonwa. Hata wakaguzi wengi husimama mlangoni tu, wakachungulia kama ndoo zipo, kisha wakaandika kwamba zipo. Hali hiyo haistahili kuendelea. Karoni ndipo damu ya wagonjwa wote wa siku nzima inapokutana na mikono ya mtu mmoja, na mtu huyo kwa kawaida ndiye aliyepata mafunzo machache kuliko wenzake wote.

Kata ya Kisawasawa, katika Wilaya ya Kilombero mkoani Morogoro, inafaa kuwa mfano, si kwa sababu ina upungufu wa pekee, bali kwa sababu inafanana na kata nyingi za nchi hii. Iko katika barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, katika nchi ya mpunga na miwa. Mjini Ifakara ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, na ipo taasisi ya utafiti wa afya ambayo chimbuko lake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950. Bonde la Kilombero, kwa hiyo, si geni kwa sayansi ya tiba. Mbu wake wamechunguzwa kwa makini ambayo mabonde mengine hayajawahi kuyapata. Hata hivyo hospitali kubwa ina chumba maalumu cha kutakasia vifaa, pamoja na watumishi ambao kazi yao ni hiyo tu. Zahanati ya kijiji haina chumba hicho. Ina karo, ndoo, jiko, na mhudumu wa afya ambaye kabla ya kuosha vifaa alikuwa akifagia ukumbi, na baada ya kuviosha atakwenda kupima uzito wa watoto. Mahali pengine hata mhudumu huyo hayupo, na kazi hufanywa na kibarua anayelipwa na kamati ya kituo.

Usiku mmoja wa msimu wa kilimo unatosha kueleza jambo lenyewe. Wakulima wengi wa bonde hili huhamia kwa miezi kadhaa kwenye vibanda vya mashambani, mbali na zahanati, hivyo mama mjamzito hufika akiwa amechelewa, uchungu ukiwa umekolea. Anajifungua salama. Amechanika kidogo na muuguzi anamshona. Mtoto amezaliwa na ute mwingi puani na mdomoni, kwa hiyo pampu ndogo ya kunyonyea ute imetumika, na pengine barakoa ya kumpulizia hewa. Saa nane za usiku vyote vinatumbukizwa katika ndoo ya maji yenye jiki: mkasi wa kitovu, koleo mbili, kishikio cha sindano, pampu ya ute, na, kwa kuwa taa ilikuwa hafifu na watu walikuwa wamechoka, sindano ya kushonea iliyosahaulika bado imebanwa katika kishikio chake. Muuguzi anakwenda kumwangalia mama. Alfajiri mhudumu anaikuta ndoo. Maji yamegeuka rangi ya kahawia na hayaonyeshi kilichomo. Anavaa glavu nyembamba za mpira, zile zile za kupimia wagonjwa, na kuingiza mkono.

Madaktari wamezoea kuogopa sindano ya dawa mikononi mwao wenyewe. Mkono unaoingia katika ndoo isiyoonekana ndani ni wa kuogopwa vivyo hivyo, na takwimu za maambukizi zinazofundishwa vyuoni zinauhusu huo pia. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini ya aina B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu hiyo. Kwa homa ya ini ya aina C makadirio yaliyotumika kwa muda mrefu ni karibu asilimia 1.8, na kwa virusi vya UKIMWI ni karibu asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000 wanaochomwa. Hofu ya watu imekwenda kinyume na hesabu hizi. Mhudumu akichomwa hulia kwa ajili ya UKIMWI, ilhali kirusi chepesi zaidi kumwingia ni kile ambacho hata jina lake halisemwi sana vijijini. Tena virusi vya homa ya ini ya aina B huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwa muda wa siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka juu ya chuma au meza. Damu kavu kwenye bawaba ya mkasi, isiyoonekana isipokuwa kwa atakayeufungua mkasi na kuutazama kwa makusudi, ni damu hai kwa kirusi hicho.

Hapa panafaa kusemwa jambo litakalowaudhi baadhi ya walimu wa taaluma hii. Ndoo ya klorini imeaminiwa kupita kiasi. Kwa miaka mingi watumishi wa afya wa Tanzania na wa nchi jirani wamefundishwa kwamba kifaa chochote chenye damu kwanza hulowekwa katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo kioshwe. Vizazi vya wauguzi vimekariri hesabu yake: jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja, na maji vipimo sita. Nia ya kanuni hiyo ilikuwa njema kabisa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, hofu ilipokuwa imetanda na glavu nzito hazipatikani, watu walitafuta njia ya kumpunguzia hatari mwoshaji. Ndoo ilibuniwa kwa ajili yake hasa, na ni haki kuikumbuka hivyo.

Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji na utakasaji wa vifaa tiba, lilieleza kwamba kuloweka vifaa katika klorini au dawa nyingine ya kuua vijidudu kabla ya kuviosha hakupendekezwi. Sababu zake zinaeleweka hata bila maabara. Damu na ute hula nguvu ya klorini, hivyo dawa huisha kazi haraka kadiri vifaa vinavyozidi kuwa vichafu, yaani inadhoofika pale hasa inapotakiwa iwe na nguvu. Klorini hula chuma. Mkasi uliolowekwa usiku kucha hupata kutu na vishimo vidogo, na vishimo hivyo huwa maficho ya uchafu ambao brashi haifikii. Ndoo yenye damu, badala ya kuwa mahali pa kuua vijidudu, yaweza kuwa mahali pa kuvihifadhi. Na kuibeba ndoo hiyo kutoka chumba cha kujifungulia hadi karoni, ikimwagika njiani na kurusha matone, ni hatari nyingine iliyoongezwa juu ya ile ya kwanza. Katika joto la Kilombero dawa iliyochanganywa jana haiaminiki leo, lakini ni nani hubadilisha ndoo wakati jiki yenyewe imebaki robo chupa na gari la dawa halijulikani litafika lini?

Madhara makubwa zaidi ya ndoo, hata hivyo, yako katika fikra. Mtu aliyefundishwa kwamba dakika 10 zimekwisha kuua kila kitu huona kuosha kama kazi ya kumalizia, sawa na kusuuza vyombo vya chakula. Glavu nzito hazionekani tena kuwa lazima. Miwani huonekana kuwa mbwembwe. Kumbe ukweli ni kinyume chake: kuosha kwa maji, sabuni na brashi ndiyo hatua inayoondoa sehemu kubwa kabisa ya vijidudu, na hakuna mvuke wala dawa inayoweza kutakasa uchafu ulioachwa chini ya tabaka la damu iliyoganda. Anayeosha ndiye anayefanya kazi kubwa zaidi ya usalama katika jengo zima, na ndiye anayekutana na kifaa kikiwa katika hali yake ya hatari zaidi.

Historia ya Afrika ya Kati inayo kumbukumbu ya jinsi gharama ya kusuuza bila kuosha inavyolipwa. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi wa wagonjwa wa nje walipewa kila asubuhi mabomba ya sindano 5 kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa mabomba hayo yalisuuzwa katika bakuli la maji ya uvuguvugu. Kuchemshwa, pale kulipofanyika, kulingoja mwisho wa siku. Ugonjwa uliozuka hapo ulikuja kuitwa Ebola. Waliougua walikuwa 318 na waliokufa 280, na kati ya watumishi 17 wa hospitali hiyo walikufa 11. Masista wa Yambuku hawakuwa wazembe. Walikuwa na vifaa vichache, foleni ndefu, na imani kwamba maji ya uvuguvugu yanatosha. Mhudumu wa zahanati ya leo hana mabomba 5, ana sindano za kutumia mara moja zinazokwenda moja kwa moja katika sanduku la usalama, na hayo ni maendeleo makubwa yasiyopaswa kubezwa. Lakini mikasi, koleo na pampu za ute hazitumiki mara moja. Kwa vifaa hivyo zahanati bado iko katika hali ile ile ya vifaa vichache na foleni ndefu.

Wala si lazima kungoja Ebola. Nchini Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha kampeni za kutibu kichocho kwa sindano za mishipani. Mabomba yalikuwa ya kioo na yalitumika kwa watu wengi, yakichemshwa kwa haraka au isivyotosha. Kichocho kilipungua, lakini kizazi kizima kikapandikizwa homa ya ini ya aina C, na Misri ikawa kwa miongo mingi miongoni mwa nchi zenye maambukizi mengi zaidi ya ugonjwa huo duniani. Hakuna aliyeanguka siku ile ile. Ini huchukua miaka 20 au 30 kusinyaa, na kufikia wakati huo hakuna anayekumbuka sindano. Ndivyo itakavyokuwa kwa mhudumu aliyechomwa alfajiri ile: akifa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 55, watu watasema ni pombe, au watasema ni mkono wa mtu.

Njia sahihi haina ugumu wa kitaalamu. Ncha kali zote, yaani sindano za kushonea, nyembe na visindano vya kupimia malaria, huondolewa na yule aliyezitumia, kitandani pale pale, na kutiwa katika sanduku la usalama kabla kitu chochote hakijaelekea karoni. Hili ni jukumu la muuguzi au tabibu, wala haliwezi kuachiwa mhudumu. Sindano iliyosahaulika katika kishikio ni kosa la aliyeshona, hata kama damu ni ya aliyeosha. Kisha vifaa hufutwa damu iliyo wazi, huwekwa katika chombo chenye mfuniko, na kuzuiwa visikauke kwa kitambaa kilicholowa maji au kwa maji ya sabuni. Hupelekwa kuoshwa mapema iwezekanavyo. Mikasi hufunguliwa, pampu za ute hutenganishwa vipande vyote, kwa kuwa ute uliokauka ndani ya mpira hautoki kwa kutikiswa. Brashi hupitishwa kifaa kikiwa kimezama chini ya maji, si juu yake, ili matone yasirukie usoni. Brashi ya nyuzi laini yatosha. Steliwaya ya jikoni, ambayo baadhi huipenda kwa sababu inang'arisha, hukwaruza chuma na kuongeza maficho.

Baada ya kusuuzwa na kukaushwa ndipo joto lipewe nafasi yake. Chungu cha mvuke chenye mgandamizo, yaani otoklevu ndogo inayoweza kukaa juu ya jiko la mkaa au la gesi, kinapofika nyuzi 121 za Selsiasi huachwa dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa katika kitambaa na dakika 20 kwa visivyofungwa. Dakika hizo huhesabiwa tangu kipimo kifike hapo, wala si tangu jiko liwashwe. Utepe unaobadilika rangi hueleza tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Hauapi kwamba kila kilichomo kimetakasika. Pasipo otoklevu, kuchemsha kwa dakika 20 tangu maji yaanze kutokota, vifaa vyote vikiwa vimezama na bila kuongeza kingine katikati, huua virusi vinavyohofiwa, ingawa hakuui mbegu sugu kama zile za pepopunda. Mkasi wa kitovu, basi, unastahili mvuke kila inapowezekana.

Klorini haifukuzwi. Inabaki na kazi zake za haki: damu iliyomwagika sakafuni, kitanda cha kujifungulia, meza na aproni. Na penye kituo kisicho na glavu nzito wala brashi, kuinyang'anya ndoo kwa amri ya barua kungekuwa ukatili. Glavu zitangulie, ndoo ifuate kuondoka.

Kuna kiungo kimoja kinachosahaulika kila mara, nacho ni jicho. Mwezi Oktoba 2000 ugonjwa wa Ebola ulizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dakta Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, ndiye aliyeutambua mapema, akapanga wodi ya kutengea wagonjwa na kuwafundisha watumishi wake kujikinga. Usiku mmoja wa Novemba aliitwa kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitoka damu na kuhangaika. Alivaa kinga karibu zote, ila inaaminika kwamba macho yake hayakufunikwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko huo ulikuwa na wagonjwa 425 na vifo 224. Ikiwa mtu mwenye elimu na nidhamu kama yake aliweza kupatwa kupitia pengo moja tu, mhudumu anayesugua koleo kwa nguvu karoni, uso wake ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye maji ya damu, anahitaji miwani kila siku, hata mwaka usio na mlipuko. Tanzania yenyewe imekwisha kuonjeshwa: ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera mwezi Machi 2023, na wahudumu wa afya wakawa miongoni mwa walioambukizwa, ukarudi mkoani humo, wilayani Biharamulo, Januari 2025. Hakuna mlipuko unaoanza ukiwa na jina. Mgonjwa wa kwanza huja kama mgonjwa wa malaria, na katika bonde lenye malaria nyingi kama Kilombero hakuna atakayemshuku. Vifaa vyake vitaoshwa kama vya wengine.

Suala la chanjo ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu dawa ipo. Chanjo ya homa ya ini ya aina B iliingizwa katika chanjo za watoto nchini Tanzania mwaka 2002. Maana yake ni kwamba mhudumu mwenye umri wa miaka 30 au 45 anayefanya kazi leo hakuipata utotoni, labda awe ameitafuta mwenyewe ukubwani. Miongozo inaelekeza watumishi wa afya wachanjwe dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye afya njema wanaokamilisha dozi hizo hupata kinga. Katika mazoea ya vituo vingi wanaofikiriwa kwanza ni madaktari na wauguzi, kisha wanafunzi wa vyuo kwa kuwa vyuo huwadai cheti, na mwishoni kabisa, ikibaki, mhudumu. Kibarua wa kamati hafikiriwi hata kidogo, kwa hoja kwamba si mwajiriwa. Kirusi hakiulizi barua ya ajira. Utaratibu huo ungepinduliwa: wa kwanza awe anayeosha, wa pili anayebeba taka na kuchoma, kisha wengine wafuate kwa kadiri wanavyogusa damu.

Atakayeuliza fedha zitatoka wapi anauliza swali la haki, ingawa jibu lake si gumu kama zamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vyenyewe, na kamati ya kituo, ambayo wajumbe wake ni pamoja na wanakijiji, ina sauti katika matumizi. Glavu nzito jozi tatu, aproni ya plastiki, miwani ya kinga, viatu vya mpira vilivyofunikwa vidole, brashi na sabuni ya maji haviwezi kumshinda hata mweka hazina mwoga. Kinachokosekana ni mtu wa kuvitaja katika kikao. Mganga mfawidhi huomba dawa, kwa kuwa wananchi hulalamikia dawa. Mwenyekiti huomba rangi ya ukuta, kwa kuwa kiongozi wa wilaya huona ukuta. Mhudumu, ambaye mara nyingi hajaalikwa, haombi kitu. Sehemu kubwa ya maandishi ya kitaalamu kuhusu kazi yake imeandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma, na hapo vyuo vya tiba vina deni lao la kulipa.

Limebaki jambo la aliyekwisha kuchomwa. Kinachotakiwa kufanywa ni kidogo na cha haraka: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kulikamua wala kulimwagia jiki, jicho lililorukiwa lisuuzwe kwa maji safi mengi, kisha mhusika aende bila kuchelewa palipo na dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Dawa hizo hufaa zikianza mapema, katika saa za kwanza, na si baada ya saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Kwa asiyechanjwa, chanjo ya homa ya ini huanza hapo hapo. Kwa mtu wa Kisawasawa haya yaweza kumaanisha safari ya Ifakara siku hiyo hiyo, nauli ikiwemo, na ni ajabu kwamba vituo vingi havijawahi kuamua nauli hiyo italipwa na nani.

Wengi hawaendi. Wanajua kwamba swali la kwanza litakuwa, "Ulikuwa huna macho?" Wanajua pia kwamba watapimwa, na kwamba katika kijiji chenye zahanati moja majibu ya mtumishi hayakai siri kwa muda mrefu. Mwanamke mwenye mume mkali hufikiria mara mbili. Hivyo kidonda hufungwa kitambaa, siku tatu zikapita, na daftari la ajali kazini likabaki jeupe. Kisha mkaguzi akija, hulisifu kwa weupe wake. Kituo kinachoosha vifaa kila siku kwa mwaka mzima bila ajali hata moja iliyoandikwa kinapaswa kutiliwa shaka kabla ya kupongezwa. Msimamizi mwenye busara angeanza kwa kuandika ajali yake mwenyewe, ya mwaka uliopita au ya miaka kumi iliyopita, kwani ni mtabibu gani hajawahi kuchomwa?

Kikao kijacho cha kamati ya kituo, popote pale kati ya Kidatu na Ifakara, kingeweza kumwita mhudumu wa karoni, kumpa kiti, na kumwuliza maswali matatu tu: amechanjwa dozi ngapi, glavu anazovaa ni za nani, na mara ya mwisho alichomwa lini. Majibu yaandikwe katika muhtasari. Dozi ya tatu huja miezi sita baada ya ya kwanza. Atakayeanza Januari atamaliza Julai, miezi kadhaa kabla mvua hazijarudi kuwaleta akina mama usiku kutoka mashambani.